Hakuna Ndege wa Kawaida

Muulize Mnairobi jina la ndege anayemwamsha. Sio kunguru, sio jogoo wa jirani. Namaanisha yule anayeanza saa kumi na moja alfajiri, giza bado, kwa mluzi mnene na laini, kama mtu anayejifunza wimbo mpya na hataki watu wamwone. Nimeuliza wasee kumi na mmoja mtaani kwetu. Tisa walisema "ah, ni ndege tu". Mmoja aliniuliza kama niko sawa. Wa kumi na moja alikuwa soja wa plot, na huyo nitamfikia.

"Ni ndege tu" ni sentensi ya uvivu na nimechoka kuisikia. Mtu huyo huyo anayeisema akiwa ndani ya keja, dirisha limefungwa, atasikia honi barabarani na kukuambia hiyo ni nganya gani, dere ni nani, na kama imejaa. Atasikia mdundo kwa sekunde mbili ukitoka kwa boda inayopita na kukutajia msanii. Kwa hivyo sikio analo, na kumbukumbu anayo. Kinachomzuia ni imani aliyolishwa kwamba ndege wana wenyewe: wageni wenye kofia pana na suruali za mifuko sita, wazee wa Karen, watu wa darubini zinazoweza kulipa kodi yako ya miezi kadhaa. Sisi wengine tuko na rent, tuachane na hayo.

Mimi nakataa. Kumtambua ndege usiyemjua, kwa sura yake na kwa wimbo wake, si starehe ya matajiri. Ni ujuzi wa mtu anayeishi mahali na kujua anaishi na nani. Tumeuachilia kwa hiari yetu, na walio nao bado wamekaa getini wakitufungulia lango usiku, hakuna anayewauliza kitu.

Na kabla mtu hajauliza: hapana, sina digrii ya ndege. Sina digrii ya chochote, chuo niliacha nikiwa mwaka wa tatu. Hii kazi haikuhitaji digrii. Ilihitaji wiki tatu za kuamka mapema, na kwa mtu anayeandika makala ya kulipwa "mwisho wa mwezi", usingizi haukuwa mwingi hata hivyo.

Tuanze na huyo wa alfajiri, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kwamba kusikiliza kuna utaratibu wake.

Swali la kwanza si "ni nani?" Swali la kwanza ni "yuko wapi?" Wetu haimbi juu ya mti wala kwenye waya wa stima. Sauti inatoka chini, ndani ya ua wa michongoma unaotenganisha plot na uwanja wa nyuma, urefu wa goti mpaka kiuno. Hilo peke yake linakuondolea nusu ya ndege wa Nairobi. Swali la pili ni saa. Anaanza kabla ya mwanga, ananyamaza jua likitoka vizuri, anarudi jioni wakati watu wanateremka kwa mathree, na huendelea mpaka giza linaingia. La tatu ni umbo la wimbo: unapanda au unashuka? Unarudia kipande kimoja, au kila mara unaleta kingine? Kuna mwenzake anayemjibu?

Hili la mwisho lieke kichwani, linakuja kuamua kesi.

Sasa sura. Ndege wa vichakani hawakai kupigwa picha, na kamera ya simu yangu ukivuta karibu inakupa tope. Lakini huyu ana desturi ya kushuka chini asubuhi pale mama mboga anapofagia maganda, anarukaruka, anasimama, mkia anainua na kuushusha polepole, halafu anapindua majani kutafuta wadudu. Ni mkubwa kuliko shomoro, mdogo kuliko njiwa. Kidari na tumbo vyote rangi ya chungwa lililoiva. Kichwa cheusi. Na juu ya jicho, kutoka kwenye mdomo mpaka kisogoni, unyusi mweupe mpana, msafi, kama uliochorwa kwa chaki. Ukiuona mara moja hutausahau.

Ukifika hapo, vitabu vya ndege vya Afrika Mashariki vinakupa, kwa Nairobi, watuhumiwa watatu wenye unyusi mweupe. Kwa Kiingereza wote watatu ni robin-chat. Wa kwanza, wa Cape, anapenda baridi ya huku juu, lakini rangi ya chungwa kwake inaishia kidarini, tumbo ni la kijivu. Huyo tunamwachilia. Wanabaki wawili, wanaofanana kama mapacha: mmoja kitabu kinamwita White-browed, zamani akiitwa Heuglin's, na mwingine kinamwita Rüppell's. Nairobi inaweza kukupa wote wawili. Tofauti ya sura iko kwenye mkia. Mkia wao ni wa rangi ya kutu, lakini manyoya ya katikati kwa White-browed ni ya kahawia inayoelekea kijani cha zeituni, na kwa Rüppell's ni meusi hasa. Hebu jaribu kuona hilo saa kumi na mbili kasoro asubuhi, chini ya kivuli cha michongoma, na ndege hatulii.

Ndiyo nasema sikio kwanza.

Sasa kuna kijana anasoma hapa akicheka: si uchukue simu tu, programu ikusikilizie? Nilichukua. Siitaji jina, maana zinafanana na zote ziko na shida ile ile. Niliinua simu dirishani, nikangoja dakika moja. Ikanipa ndege watatu tofauti. Wa kwanza alikuwa yule ndege wa mvua, wa sauti tatu zinazoshuka, ambaye kila mtu aliyelelewa shambani anamjua. Wa pili alikuwa mwewe. Wa tatu alikuwa ndege wa msituni ambaye kumkuta kwenye michongoma yetu, katikati ya kamba za kuanika nguo, ingekuwa habari ya magazeti.

Uwanjani hapakuwa na ndege watatu. Alikuwa mmoja, na alikuwa akiwaiga wengine. Rüppell's ni bingwa wa kuiga. Anachukua sauti ya jirani, anaishona katikati ya wimbo wake, anatupia mluzi wa binadamu kama ameusikia mara za kutosha, halafu anarudi kwenye kipande chake mwenyewe. Simu ilisikia sauti moja moja na kuitafutia jina. Haikusikia kwamba zote zimetoka kwenye kichaka kimoja, kwa pumzi moja, zikiwa na sauti ile ile nene chini yake. Hilo linahitaji mtu aliyekaa mahali pamoja muda mrefu. Ni kama yule jamaa wa mtaa anayeigiza wanasiasa: mgeni akisikiliza kutoka nje ya ukuta atadhani kuna mkutano, lakini wewe unamjua ni Kevo.

Sisemi mtupe simu. Nasema tuache kuzikabidhi masikio. Hizi programu zinajua kile zilicholishwa, na tujiulize zililishwa wapi kwanza. Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, ilipoanza kutambua ndege kwa sauti mwaka 2021, ilianza na ndege wa Marekani Kaskazini. Sio njama. Mtu huanza na rekodi alizo nazo, na rekodi nyingi zimo nyumbani kwa watu wenye vinasa sauti na muda. Lakini maana yake kwetu ni hii: ndege anayeimba chini ya dirisha lako anaweza kuwa mgeni kwa mashine, hali ni mwenyeji kwako. Halafu wewe, mwenyeji, unaiuliza mashine.

Nikarudi kwa soja.

Mzee huyu ametoka Siaya, ana miaka zaidi ya ishirini kwenye mageti ya Nairobi. Usiku ndio mchana wake, kwa hivyo alfajiri za jiji hili amezisikia kuliko mhadhiri yeyote. Nilimkuta akinywa chai ya mwisho kabla ya kubadilishana zamu. Ndege akaanza. Nikamuuliza, "Mzee, huyo ni nani?"

"Huyo? Hundhwe."

Hakugeuza hata kichwa. Nikamuuliza anamjuaje bila kumwona.

"Kwani mama yako akikuita, wewe hungoja kwanza umwone?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, na hapa naomba msome polepole. "Lakini kijana, huyu wa hapa si yule wa kwetu kabisa. Wa kwetu anaanza chini, polepole, anarudia, anarudia, huku akipanda mpaka sauti inajaa boma lote. Na mke wake anamjibu kwa juu. Wanaimba wawili. Huyu wa hapa anaimba peke yake, na ni mwizi wa nyimbo za watu."

Kitabu kinasema nini? Kwamba White-browed, ambaye ndiye wa upande wa ziwa, huanza kwa sauti ndogo, hurudia kipande kile kile kikizidi kupanda, na mara nyingi dume na jike huimba kwa kupokezana. Kwamba Rüppell's wa nyanda za juu anajulikana kwa kuiga. Mzee alikuwa amewatenganisha mapacha kwa sikio, akiwa na kikombe mkononi, bila kuhitaji lile unyoya la katikati ya mkia. Siku nne baadaye ndege alishuka kwenye maganda ya viazi, jua likampiga mgongoni, nikaona mkia: katikati mweusi. Nilifurahi, lakini kesi ilikuwa imeshaamuliwa getini.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Kwa sababu ukitaka kujua nani "mtaalamu" wa ndege mtaani kwetu, hakuna atakayekuelekeza kwa mzee. Maarifa yake hayana cheti, hayana Kiingereza, kwa hivyo hayahesabiki. Na majina yenyewe angalieni. Rüppell alikuwa Mjerumani wa Frankfurt aliyezunguka Sudan na Ethiopia karne ya 19. Heuglin pia Mjerumani, karne hiyo hiyo, njia zile zile. Walitembea, walikusanya, walifanya kazi, sibishani. Lakini jina "Rüppell" linakuambia nini kuhusu ndege? Halikuambii anaimba wapi, saa ngapi, wala kwa sauti gani. Linakuambia Rüppell alipita.

Sasa linganisha na majina ya Kiswahili, yale tuliyoyapata bure. Kwarara: yasome kwa sauti kubwa, halafu ungoje saa kumi na mbili jioni wapite juu ya paa lako wakipiga kelele. Chiriku: hata asiyewahi kumwona anajua ni wa maneno mengi, maana mtu anayeropoka tunamwita hivyo. Kigogota anagogota miti, na hondohondo unamsikia ndani ya jina lake mwenyewe. Dudumizi, mwite mara tatu kwa sauti ya kushuka, ushamwimba. Majina haya ndiyo kitabu cha kutambulia ndege. Aliyeyatunga alikuwa anakufundisha sikio kabla ya kukuonyesha rangi. Waingereza nao walijua siri hiyo walipotaka, ndiyo maana kwarara wetu wanamwita hadada, lakini walipochoka kusikiliza walianza kugawa majina kama wanaogawa viwanja: huyu wa rafiki yangu, huyu wa bosi wa makumbusho.

Mfano mzuri kuliko yote uko Kilifi. Kuna mnana wa msitu wa Arabuko-Sokoke, wa manjano na mweusi, anayepatikana kaunti hiyo tu duniani kote. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1913 na Mwingereza aitwaye Clarke, na kwa Kiingereza akawa Clarke's Weaver. Jina la pili la kisayansi, golandi, ni la ndugu yake Clarke, Goland. Familia nzima imekaa juu ya ndege mmoja. Haya, sasa kiota chake kilionekana lini? Mwaka 2013, huko Dakatcha, kwa juhudi za Nature Kenya pamoja na kikundi cha uhifadhi cha wenyeji. Miaka mia moja! Karne nzima ndege alikuwa na jina kwenye vitabu vya London na hakuna mwandishi wa vitabu hivyo aliyejua anataga wapi. Wakatokea watu waliokuwa wakikaa na huo msitu. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba kupewa jina ni kujulikana. Siku hizi wako wanaomwita Kilifi Weaver, na angalau hilo linakupa nauli na mahali pa kushukia.

Hata Wamarekani wameanza kuona aibu. Novemba 2023, chama chao cha wanaornitholojia kilitangaza kwamba kitabadilisha majina yote ya Kiingereza ya ndege yaliyotokana na majina ya watu katika eneo lake. Wana ndege wao na ugomvi wao. Mimi sidai tufute jina la Rüppell kwenye vitabu. Nadai kitu cha karibu zaidi: tusingoje watu wa nje wamalize mkutano wao ndipo sisi tukumbuke kwamba tuna lugha zaidi ya arobaini, na kwamba katika nyingi ya hizo ndege wameshapewa majina na watu waliowasikiliza.

Lakini jaribu kuandika jina kama hilo uone. Mwaka jana nilipeleka makala kwa mhariri mmoja, chombo sikitaji. Nilikuwa nimeandika hundhwe. Ikarudi na maelezo pembeni: "Hili ni neno la kikabila, wasomaji hawatalielewa. Weka 'ndege mdogo mwenye rangi ya chungwa' au jina la Kiingereza ili watu waweze kulitafuta." Rüppell wasomaji watalielewa? Kuna msomaji wa Umoja au Kayole anayeamka akitaja Rüppell? Jina la Mjerumani ni la kimataifa, na neno la mzee wa Siaya ni "la kikabila". Niliondoa makala. Ile pesa niliihitaji, wacha niseme ukweli, lakini niliiondoa.

Sasa mtasema: sawa, mwandishi amekasirika na mhariri wake, ndege anahusika vipi na maisha yangu? Anahusika hivi.

Uwanja ule wa nyuma ya plot umeuzwa. Kuna mjengo unakuja, ghorofa nane kwa sasa, na michongoma itang'olewa pamoja na miti mitano nyuma yake. Sheria inadai mradi wa namna hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na ripoti ipelekwe NEMA. Nilipata nakala, nikaisoma yote. Zaidi ya kurasa sitini: udongo, maji taka, vumbi, kelele za mashine, hata idadi ya vyoo vya mafundi. Nikafika sehemu ya viumbe. Mstari mmoja. Uwanja una "nyasi, vichaka na ndege wa kawaida".

Ndege wa kawaida! Aliyeandika hivyo, kama alifika, alifika saa sita mchana, wakati ambapo hata kunguru wamepumzika. Lakini tusimlaumu peke yake. Amesema kwa lugha rasmi kile kile ambacho wale tisa waliniambia kwa lugha ya mtaa. "Ni ndege tu", ikipigwa muhuri, inakuwa "ndege wa kawaida". Na kitu kisicho na jina hakiwezi kuandikwa kwenye orodha ya hasara. Utalalamika nini? Kwamba "ndege tu" ameondoka?

Kumbukeni mugumo wa Waiyaki Way. Mwaka 2020 barabara ya juu ya Expressway ilikuwa inakuja, na ule mti mkubwa pale Westlands ulikuwa njiani. Watu wakasimama, wakasema huu ni mugumo, una maana kwa Wakikuyu na kwa wengine, ni mzee kuliko sisi. Novemba ikatoka amri ya rais kwamba uachwe. Bado umesimama pale, na barabara ikapata njia. Lakini ukipita na mathree hesabu ile mingine yote iliyokuwa kando ya barabara hiyo hiyo ikakatwa. Hiyo haikuwa na mtu wa kuiita kwa jina. Ilikuwa "miti". Sisemi jina ni kinga ya uhakika. Karura iliokolewa kwa watu kupigwa, Wangari Maathai mwenyewe akatoka damu kichwani Januari 1999. Lakini hakuna aliyepigwa kwa ajili ya "vichaka". Watu husimama mbele ya kitu wanachoweza kukitaja.

Kwa hivyo tumeandika barua, watu sita wa plot, ya kujibu ripoti. Haijaandikwa kwa machozi. Ina tarehe, saa, na majina: asubuhi ishirini na moja, nani aliimba wapi. Mwewe, kwarara, tetere, shore, chozi, mnana, shomoro, mbayuwayu wakati wa mvua. Mama mboga ndiye aliyetuambia chozi anajenga wapi, maana kiota kinaning'inia kwenye waya karibu na meza yake na yeye ndiye anayefukuza paka. Na hundhwe, jozi moja, ndani ya michongoma, pamoja na jina lake la kisayansi ili afisa asije akasema hajamwelewa. Tumeomba ua ubaki, mita tatu tu za ua kando ya ukuta. Ghorofa zao wajenge. Sijui watu wanaodhani hii ni kupinga maendeleo wameona wapi ghorofa iliyozuiwa na mita tatu za michongoma.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Rafiki yangu anayesomea baiolojia (yeye hakuacha) ananiambia: neno la mzee linabeba ndege wawili, labda watatu. Sayansi inataka jina moja kwa ndege mmoja. Ukiandika hundhwe, ni yupi?

Ni kweli. Lakini njiwa nao ni wengi, na hakuna aliyesema tuache neno njiwa. Lugha huongeza mkia kwenye jina: njiwa manga, njiwa pori. Hundhwe wa ziwa, hundhwe wa nyanda za juu, tatizo limekwisha. Halafu mzee mwenyewe, kumbuka, hakuwachanganya. Alitumia neno moja na akaeleza tofauti kwa wimbo, tena bila kuulizwa. Usahihi haukukosekana, ilikuwa hakuna mtu wa kuuandika. Na ukitaka usahihi wa maabara, jina la Kilatini lipo, halidai kodi, liandike pembeni.

Wengine watasema Kiswahili si chombo cha kubebea maneno ya Kijaluo. Hawa huwa nawauliza walikula nini jana. Omena ni neno la nani? Kwenye vitabu ni dagaa, na Tanzania wanasema dagaa. Hapa Kenya neno lilipanda basi kutoka ziwani ndani ya gunia, likafika Gikomba, likafika Mombasa, na leo Mkamba anamuuzia Mmeru omena na hakuna mhariri anayeandika pembeni kwamba ni la kikabila. Githeri nayo ilitoka kwa Wakikuyu na kuingia shule zote za bweni za nchi hii. Chakula kiliruhusiwa kupita na majina yake. Kwa nini ndege azuiwe getini?

Mtu akitaka kuanza, haihitaji darubini. Nature Kenya hutembea na watu kuangalia ndege Jumatano asubuhi, kuanzia makumbusho ya Nairobi, na kwa sisi tusio na ofisi Jumatano ni siku kama nyingine. Kuna pia Kenya Bird Map, ambako raia yeyote anaweza kupeleka orodha ya ndege wa eneo lake, nchi ikiwa imegawanywa miraba ya karibu kilomita tisa kwa tisa. Nchi ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na mbuga ya Nairobi peke yake ina zaidi ya 400, kwa hivyo kazi haitaisha. Lakini kabla ya hayo yote, kesho saa kumi na moja, fungua dirisha. Acha simu mezani kwa dakika kumi. Yuko juu au chini? Anarudia au anabadilisha? Kuna anayemjibu? Halafu shuka ukamuulize soja, na umsalimie vizuri kwanza, maana ametoka kukesha kwa ajili yako.

Na ukipewa jina, liwe la Kiluhya, la Kikamba, la Kigiriama, liandike. Liandike kwenye barua za kanjo, kwenye ripoti, kwenye makala. Usilifungie kwenye alama za kunukuu kama mshukiwa, na usiliinamishe kwa herufi za mlazo. Katika makala haya nimeandika hundhwe mara kadhaa na kila mara limesimama wima kama kunguru na njiwa. Mhariri wa hapa aliniuliza swali moja tu kabla ya kulipitisha: kama ni kweli anaiga mluzi wa watu. Nikamwambia aje alfajiri akiweza, michongoma bado ipo.